Tambi za Pakiti na Supu ya Hoteli: Zilitoka Wapi, na Zinamjenga Nani?

Leo tutatembea mbali kidogo, hadi Uchina na Japani, kisha turudi nyumbani, hapa Meru na Embu. Tunatafuta jibu la swali ambalo sisi wauguzi huulizwa sana siku hizi tunapopima watoto uzito: "Sista, hizi tambi za pakiti ni mbaya? Si afadhali nimnunulie mtoto supu hotelini?"

Swali hili ni zuri, na halijibiwi kwa neno moja. Ukitaka kumjua mgeni vizuri, muulize kwao ni wapi na alikuja kwa sababu gani. Basi tuanzie huko.

Tambi ni chakula cha kale

Tambi hazikuvumbuliwa na kiwanda. Mwaka 2005 watafiti walieleza jinsi walivyopata bakuli la udongo lililofukiwa huko Lajia, karibu na Mto Manjano nchini Uchina. Ndani yake mlikuwa na tambi zenye umri wa miaka 4,000 hivi, nao wakasema zilitengenezwa kwa nafaka ndogondogo zinazokaribiana na wimbi wetu. Wapwani wa Kenya nao wamezoea tambi tangu zamani, hasa zile za sukari zinazopikwa mwezi wa Ramadhani.

Wachina walikula tambi ndani ya supu. Mifupa ilichemshwa muda mrefu, nyama ikakatwa, mboga zikatiwa, kisha tambi zikaingia mwisho. Wahamiaji wa Kichina walipofika Japani walifungua vibanda vya kuuza supu hiyo, na Wajapani wakaipenda na kuibadilisha wapendavyo. Ndiyo inayoitwa ramen. Vietnam nao wana yao iitwayo pho. Kwa hiyo supu ya tambi ya mkahawani ndiyo mama, na ile ya pakiti ndiyo mtoto wake. Mtoto huyu alizaliwa kwa sababu ya njaa.

Pakiti ilizaliwa wakati wa dhiki

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa na njaa. Ngano ya msaada ilitoka Marekani, na watu walipanga foleni ndefu kwenye baridi wakingoja bakuli moja la supu ya tambi. Mmoja wa walioiona foleni hiyo mjini Osaka alikuwa mfanyabiashara aitwaye Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan mwaka 1910. Picha ile haikumtoka akilini.

Miaka mingi baadaye biashara yake iliporomoka, akabaki karibu mikono mitupu. Akajifungia katika kibanda nyuma ya nyumba yake, mji wa Ikeda, akitafuta namna ya kutengeneza tambi zinazokaa muda mrefu bila kuoza na zinazopikwa kwa maji moto tu. Alichogundua ni hiki: tambi zilizopikwa kwa mvuke zikitumbukizwa kwenye mafuta moto, maji yote hutoka na kuacha vitundu vidogo vidogo. Ukimimina maji ya moto, maji huingia katika vitundu vile na tambi hulainika. Tarehe 25 Agosti 1958, Ando akiwa na miaka 48, pakiti ya kwanza ikauzwa. Mwaka 1971 kampuni yake ikatoa tambi za kikombe. Ando alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 96.

Hapo mama umepata jambo la kwanza la kukumbuka. Wengi husema tambi za pakiti zimepakwa nta ili zisishikane. Si kweli, hakuna nta. Kilichomo ni mafuta, kwa sababu nyingi kati yake zilikaangwa kabla hazijafika dukani. Mara nyingi ni mafuta ya mawese, yaliyo na aina ya mafuta ambayo moyo hauyapendi yakizidi.

Kutoka Asia hadi duka la jirani

Uvumbuzi ule ulisafiri upesi. Nchini Indonesia chapa ya Indomie ilianza mwaka 1972. Mwaka 1988 ikaanza kuuzwa Nigeria, na mwaka 1995 kiwanda kikajengwa huko. Kwetu Kenya nako zikaja, na leo chapa hiyo hutengenezwa hapa hapa nchini. Ndiyo maana watoto wetu huita kila tambi ya pakiti "Indomie", iwe ya kampuni gani. Duniani kote, mwaka 2023, zililiwa pakiti na vikombe bilioni 120 hivi.

Kwa nini zimependwa hivyo? Tuseme ukweli bila kumlaumu mtu. Mama aliyeamka saa kumi na moja kuchuma majani chai, au aliyeshinda sokoni Nkubu au Runyenjes, akirudi jioni hukuta watoto wana njaa na kuni ni chache. Githeri inataka saa mbili au tatu za moto. Tambi zinataka dakika tatu. Pakiti haikuingia nyumbani kwetu kwa sababu mama ni mvivu. Iliingia kwa sababu muda wake umebanwa na kuni zimekuwa ghali. Lakini sababu nzuri ya kununua kitu haikifanyi kiwe chakula kamili.

Ndani ya pakiti kuna nini?

Chukua pakiti ya gramu 70 ugeuze nyuma. Utaona unga wa ngano, mafuta, chumvi, na kipakiti kidogo cha viungo. Nguvu ya mwili ipo, yapata kalori 300 au zaidi. Protini ni kidogo, na protini ya ngano peke yake haitoshi kumjenga mtoto. Mboga hakuna, isipokuwa majani makavu ya kuhesabika. Madini ya chuma na zinki yanayotoka kwenye nyama hayamo.

Kubwa zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtoto anatakiwa apate chini ya hapo, kulingana na umbo lake. Pakiti moja ya tambi huwa na chumvi gramu 2 hadi 4 kutegemea aina, na nyingi imo katika kile kipakiti cha viungo. Kwenye karatasi huandikwa sodiamu. Ili ujue chumvi, zidisha sodiamu kwa mbili na nusu. Ikiandikwa miligramu 1,000 za sodiamu, hiyo ni gramu 2 na nusu za chumvi. Mtoto wa miaka minne akila pakiti nzima na kunywa maji yake, umempa mzigo mzito.

Na wale watoto wanaovunja tambi mbichi, kunyunyizia viungo na kutafuna njiani wakitoka shule? Hao wanakula chumvi ile yote bila hata maji.

Wapo wanaoogopa ile dawa ya kukoleza ladha. Historia yake ni hii. Mwaka 1908 mtaalamu wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliipata kutoka mwani wa baharini, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Mwaka 1968 daktari mmoja nchini Marekani aliandika barua katika jarida la udaktari akisema huhisi ganzi na mapigo ya moyo kwenda mbio kila anapokula katika mikahawa ya Kichina. Hofu ikaenea. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliichunguza, wala haikuona haja ya kuweka kikomo cha kiasi cha kula. Kwa hiyo, mama, usikeshe kwa hofu ya kikolezo. Angalia chumvi inayoandamana nacho.

Mwaka 2014 ulitolewa utafiti uliotumia habari za watu wazima 10,711 wa Korea Kusini. Wanawake waliokula tambi za pakiti mara mbili au zaidi kwa wiki walionekana zaidi kuwa na mkusanyiko wa dalili za hatari: kiuno kikubwa, shinikizo la damu, sukari na mafuta mabaya katika damu. Kwa wanaume haikuonekana hivyo. Utafiti wa namna hii huonyesha mambo yanayotembea pamoja, hauthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Hata hivyo ni kengele ya tahadhari, hasa kwetu akina mama tunaomalizia masufuria ya watoto.

Na supu ya hoteli je?

Bakuli la supu ya tambi katika mkahawa mzuri, iwe Nairobi au ng'ambo, lina faida ya wazi. Tambi zake kwa kawaida hazikukaangwa. Ndani yake mna nyama, yai au samaki, na mboga mbichi. Lakini chumvi haikubaki nyuma. Bakuli kubwa likinywewa lote laweza kufikisha au hata kupita zile gramu 5 za siku nzima. Kwa upande wa chumvi, basi, mkahawa si kimbilio.

Hapa kwetu, supu ya hoteli ni ile ya mifupa, ya kichwa au ya matumbo, inayonywewa na chapati asubuhi. Mwenye hoteli naye hukoleza chumvi, unga wa mchuzi na vipande vya ladha, maana mteja anataka ladha. Tena kuna mazoea ambayo ningependa tuyaache leo. Mama hununua supu, nyama akala baba, mtoto akapewa maji. Husemwa kwamba nguvu yote iko kwenye maji ya supu. Sivyo. Maji ya supu yana ladha, chumvi na mafuta kidogo. Protini na chuma kwa sehemu kubwa vimebaki ndani ya ile nyama. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Likijazwa maji ya supu, nafasi ya chakula imekwisha.

Kwa hiyo kati ya pakiti na supu ya hoteli, mshindi hutegemea kilicho ndani ya bakuli na kinachofika kinywani mwa mtoto. Hili si wazo la kukaa mezani na kubuni. Lilipimwa, na lilipimwa hapa Embu.

Watoto wa Kyeni waliofundisha dunia

Katika miaka ya 1980, wakati wa ukame wa 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikuwa wakifuatilia lishe ya familia katika Wilaya ya Embu ya wakati huo. Miongoni mwa waliosimamia kazi hii kwa miaka mingi walikuwa Profesa Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo. Waliona kwamba watoto waliokula mara kwa mara vyakula vitokavyo kwa wanyama walikua vizuri zaidi na kufanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili. Lakini swali likabaki: je, ni nyama na maziwa yenyewe, au ni kwa sababu familia hizo zilikuwa na uwezo zaidi?

Ili kupata jibu, mwaka 1998 walirudi Kyeni Kusini na kuanza jaribio katika shule 12 za msingi, na watoto wa darasa la kwanza zaidi ya 500. Shule ziligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipewa githeri yenye nyama ya kusaga. La pili githeri na maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu yake ilingane na yale mengine. La nne halikupewa chakula shuleni, na mwisho familia zao zikapewa mbuzi. Kazi hiyo iliendelea kwa mihula saba.

Tazama walichopata. Makundi yote yaliyolishwa yaliongezeka uzito kuliko lisilolishwa. Lakini watoto wa githeri na nyama ndio walioongeza misuli ya mkono zaidi. Ndio waliopanda zaidi katika mtihani wa kufikiri kwa kutumia picha. Hata uwanjani walionekana kucheza zaidi na kuongoza wenzao. Maziwa yalisaidia kimo cha watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa. Nyama na maziwa vyote vilipunguza sana upungufu wa vitamini B12. Wale wa githeri na mafuta walipata nguvu ileile ya mwili, lakini misuli na akili hazikupanda kama za wenzao wa nyama.

Mama, rudia sentensi hiyo ya mwisho moyoni. Kushiba ni jambo moja, kujengwa ni jambo lingine. Pakiti ya tambi ni wanga na mafuta. Inafanana na lile kundi la tatu, tena bila maharagwe. Na nyama waliyopewa watoto wale haikuwa mlima: ilianzia gramu 60 kwa siku ya shule, ikapanda hadi 85. Iliwekwa ndani ya githeri yetu hii hii.

Kudumaa ni deni la kesho

Tumepiga hatua kama nchi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba watoto 35 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, na mwaka 2022 walikuwa 18. Lakini 18 kati ya 100 bado ni wengi. Mtoto aliyedumaa hana kilio cha kukuamsha usiku. Hucheza, hucheka, ila kimo chake kimebaki nyuma na masomo humlemea. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, hazirudi.

Usalama: chunga duka, chunga na ghala

Mwezi Juni 2015 India ilizuia tambi za Maggi kwa madai ya kuwa na madini ya risasi kupita kiasi. Hapa Kenya maduka ya Nakumatt, ambayo sasa hayapo tena, yaliondoa tambi hizo kutoka rafuni. Mwezi Agosti mahakama ya Bombay ikaliondoa katazo hilo la India. Jambo hilo lilitukumbusha kusoma tarehe na kuangalia pakiti kabla ya kununua.

Lakini tusidhani cha shambani ni salama kwa sababu tu ni cha shambani. Mwaka 2004 katika Mkoa wa Mashariki wa wakati ule, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yenye kuvu, hata ukiyaosha na kuyachemsha, sumu hubaki. Yakaushe vizuri, yahifadhi pakavu, na yaliyooza usipike wala usimpe ng'ombe.

Ukipika tambi, fanya hivi

Sikuambii usinunue pakiti maisha yako yote. Nakuomba uifanye iwe ya siku moja moja, si ya kila jioni. Na siku hiyo:

1. Pakiti moja igawie watoto wawili, uijaze kwa vitu vingine.
2. Tia yai, omena iliyosagwa, nyama iliyokatwa ndogo au maharagwe yaliyokwisha kuiva. Yai moja lina protini karibu sawa na ya pakiti nzima, tena bora zaidi.
3. Tia mboga: terere, managu, sukuma wiki au karoti. Zichemshe pamoja na tambi.
4. Tumia nusu ya viungo au pungufu, na usiongeze chumvi. Siku nyingine, chumvi yako iwe ya kiasi na yenye madini ya aidini. Sheria ya Kenya imeitaka tangu 1978.
5. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Kuanzia miezi sita mpe chakula kizito kilichopondwa. Tambi za pakiti na viungo vyake si za mtoto wa chini ya mwaka mmoja.
6. Ukinunua supu hotelini, mtoto apewe nyama kwanza, ipondwe au ikatwe vizuri. Maji yawe kidogo.
7. Chai isinywewe pamoja na chakula. Majani yake huzuia mwili kupokea chuma. Sisi watu wa chai tujihadhari zaidi na hili.

Na kwa yule mama wa muda mfupi: chemsha maharagwe na mahindi Jumamosi kwa moto mmoja, mtu mwingine nyumbani akilinda jiko, ugawe katika vyombo safi vyenye vifuniko. Mwenye friji ayaweke humo. Asiye na friji apike ya siku moja tu, na ayachemshe tena kabla ya kula. Jioni ni kukaanga kitunguu, kutia mboga na kubomoa yai. Muda wake haupiti ule wa tambi kwa mbali.

Ando alitaka mtu mwenye njaa asikose bakuli la moto, nalo ni jambo la heshima. Lakini njaa ya mtoto haiko tumboni peke yake. Iko pia kwenye damu, kwenye misuli na kwenye ubongo, na hizo hazilii kwa sauti. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kama mtoto wako haongezeki uzito, au kimo chake kimesimama, chukua kitabu chake cha kliniki uende kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii. Kupimwa huchukua dakika chache.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Wiki iliyopita, mtoto wako alikula chakula kitokacho kwa mnyama mara ngapi? Yai na omena pia vinahesabiwa.
2. Nyumbani kwenu, nyama ya supu hupewa nani kwanza? Kwa nini?
3. Leteni pakiti mbili za tambi za aina tofauti. Someni sodiamu, zidisheni kwa mbili na nusu, mlinganishe.